Pepo yupi apewe ukurasa? Boreas, Fujin, Oya, Pazuzu na upepo wa Winam

Kiswahili kimetufanyia hisani kubwa hapa. Upepo mmoja, pepo nyingi. Pepo mmoja, pepo wengi. Jioni unakwenda ufuoni kupunga upepo. Mganga akiitwa usiku, anakuja kupunga pepo. Kinachopeperusha nguo kwenye kamba na kinachompanda mtu kichwani vimetenganishwa na herufi moja tu. Anayetaka kutunga katuni ya pepo wa upepo kwa lugha hii amekuta nusu ya kazi imeshafanywa. Iliyobaki ni kuamua pepo yupi, na hapo ndipo binamu yangu na mimi tulipokwama karibu mwezi mzima.

Yeye huandika, mimi huchora. Tunaishi Kisumu, yeye Manyatta, mimi Nyalenda. Kitabu tunachokitengeneza kina kurasa 24, yaani karatasi sita za A4 zilizokunjwa katikati na kupigwa stepla, za kutolewa kopi kwa wino mweusi. Nasema wino mweusi kwa uchungu. Mwaka juzi tulijaribu kimoja cha rangi, tukakipeleka kwa mchapishaji mmoja, na shujaa wetu wa kahawia akarudi akiwa zambarau kuanzia shingoni hadi kisiginoni. Pesa zilikuwa zimeshalipwa. Jambo hilo, kama utakavyoona, limeingia kwenye uamuzi wetu kuliko nilivyotarajia.

Binamu alikuja na majina manne kutoka mbali: Boreas wa Wagiriki, Fujin wa Wajapani, Oya wa Wayoruba, na Pazuzu wa Mesopotamia. Mimi nilikuwa na mmoja wa hapa hapa, asiye na sura: ule upepo wa Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa Victoria unaofika Kisumu, unaotoka nchi kavu usiku na kurudi kutoka ziwani mchana. Tulipochoka kubishana tukawapa wote mtihani mmoja. Ukurasa mmoja, visanduku sita. Ufuo wa wavuvi wa Dunga kabla ya jua kuchomoza. Mashua za omena, dagaa wa ziwani, zinarudi. Akina mama wanangoja na mabeseni. Upepo unageuka ghafla. Mashua moja inazingirwa na magugu maji. Taa yake inaonekana kwa mbali. Nikauchora ukurasa huo mara tano, kila mara na pepo tofauti ndani yake.

Ukitaka kutunga katuni ya aina hii, nakushauri ufanye vivyo hivyo kabla hujaandika hata mstari wa hadithi. Pepo wote ni wazuri ukisoma habari zao. Wanaanza kutofautiana ukiwaweka kando ya mashua moja.

Mwili

Boreas anakuja amekamilika, huhitaji kubuni chochote. Athens kuna mnara wa marumaru wenye pande nane, Mnara wa Pepo, na kila upande umechongwa pepo wa upande huo wa dunia. Boreas ndiye wa kaskazini: mzee wa ndevu, mabawa, joho zito, na kombe la baharini la kupuliza kama baragumu. Penseli ilikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye lile joho. Joho la nini Dunga? Nguvu za Boreas ni baridi, theluji, pumzi inayogandisha. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini jua la saa saba mchana halijaarifiwa. Pepo wa theluji akifika kwetu hana cha kugusa. Nilijaribu kuyachora maji yakiganda pembeni mwa mashua, binamu akatazama, akasema, "Omera, hii ni friji imeachwa wazi."

Fujin alifanya vizuri zaidi, na sababu ni kitu kimoja: mfuko. Pepo huyu hubeba mfuko mrefu wa kitambaa, ameshika ncha zake mbili, nao umevimba juu ya kichwa chake kama tanga. Picha yake mashuhuri iko kwenye viwambo viwili vya kukunja vilivyochorwa na Tawaraya Sotatsu katika karne ya 17, mali ya hekalu la Kennin-ji mjini Kyoto. Fujin wa kijani yuko ukingoni kulia, Raijin mwenye ngoma za radi yuko ukingoni kushoto. Katikati hamna kitu, ni dhahabu tupu. Nilikitazama kile kitupu muda mrefu kuliko nilivyomtazama Fujin mwenyewe. Mchoraji yeyote mwingine angeweka mawingu pale.

Kuhusu mfuko wenyewe, wanahistoria wa sanaa huufuata nyuma kwenye njia za misafara ya hariri hadi kwenye sarafu za Wakushani, watawala wa kale wa Asia ya Kati, ambako mungu wa upepo anayeitwa Oado anakimbia huku shuka lake limefura, na kutoka hapo hadi kwenye sanaa ya Wagiriki. Kwa maneno mengine, wawili kati ya wanne wa binamu walikuwa ndugu waliopotezana sokoni.

Mfuko ukikaa juu ya mashua ya Winam unaonekana kama tanga la pili, na matanga yetu bado yapo, yenye viraka vyake. Fujin akafaulu visanduku vinne vya kwanza. Kwenye cha tano, magugu maji yalipokuja, hakuwa na la kufanya zaidi ya kufungua mfuko tena.

Oya ni mwanamke, na hilo peke yake linaleta nguo zinazozunguka, kitu kizuri sana kwa brashi. Wayoruba huuita mto Niger Odo Oya, mto wa Oya. Yeye ni mke wa Shango, mwenye radi, na huwa anamtangulia mumewe: kwanza upepo, halafu ngurumo. Aliyewahi kuona mvua ikiingia Kisumu hahitaji kufafanuliwa mpangilio huo. Vumbi linainuka, mabati yanaanza kupiga kelele, watu wanakimbilia kuanua nguo, kisha ndipo mbingu zinapasuka. Nilipomweka Oya kwenye ukurasa, akina mama wa mabeseni wakapata mwenzao, na kisanduku cha tatu kikawa kizuri kuliko vyote vitatu nilivyokuwa nimekwisha kuchora.

Pazuzu, wallahi, ni karamu ya wino. Makumbusho ya Louvre huko Paris yana sanamu yake ndogo ya bronzi, kama sentimita 15 kwenda juu, na ndani ya sentimita hizo umebanwa uso wa mbwa mwenye macho yaliyotoka, mabawa manne, makucha ya tai na mkia wa nge. Maandishi ya mgongoni yanamtaja kuwa mwana wa Hanbi na mfalme wa mapepo wabaya wa upepo. Nilimchora kwa saa tatu bila kunywa hata chai. Kisha nikampa dada yangu ukurasa, nikamuuliza nini kimeipata mashua. Akaniuliza, "Mashua gani?"

Ukurasa wa tano haukuwa na mtu angani. Niliuchora upepo kwa vitu tu: moshi wa jiko la chai ufuoni, leso ya mama mmoja, omena waliosalia juu ya wavu wa kuanikia, miali ya taa juu ya maji, na yale majani ya magugu yaliyosimama kama matanga madogo. Binamu alisema huo ni uvivu. Sikuwa na hoja nzuri ya kumjibu.

Siku iliyofuata nilizipeleka kurasa zote tano Dunga, kwa mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona wavu. Alizishika mbali na macho, kama wazee wanavyosoma simu.

"Jaduong', yupi ndiye upepo?"

"Nyathina, huyu mwenye mabawa ni ndege. Huyu wa gunia anaiba omena." Kwa Oya alinyamaza, akatabasamu. Kwa Pazuzu alitikisa kichwa, akaugeuza ukurasa haraka. Wa tano aliukawilia. "Huyu yuko wapi?"

"Ndiye anayelaza huo moshi."

Akaangalia tena. "Basi hapa ni saa kumi na moja," akasema. "Moshi unaelekea ziwani."

Sikuwa nimeandika saa popote.

Mwiko

Sura peke yake haitoshi kurasa 24. Ukishamwona pepo mara tatu umemzoea, na hapo msomaji anataka kujua ni nini pepo huyo hawezi kufanya. Tofauti za hawa watano ni kubwa zaidi hapa kuliko kwenye sura, kwa hiyo usiharakishe.

Fujin ndiye mwenye hadithi nyembamba kuliko wote. Anafungua mfuko, anafunga mfuko. Ukimchagua itabidi umtungie karibu kila kitu, jambo ambalo kwa waandishi wengine ni neema.

Boreas, ambaye mwili wake ulinishinda, ana hadithi ambayo ningeiiba bila aibu. Alimteka Oreithyia, binti wa mfalme Erechtheus wa Athens, akamfanya mke. Kwa hiyo Waathene wakamhesabu kuwa mkwe wao. Mwaka 480 kabla ya Kristo meli za Waajemi zilipokuwa zimetia nanga kwenye pwani ya Magnesia, Waathene wakamwomba mkwe wao msaada, dhoruba ikavuma, na mwanahistoria Mgiriki Herodotus anahesabu meli zisizopungua 400 zilizovunjika. Baadaye wakamjengea mahali pa ibada kando ya mto Ilissos. Hebu fikiria hilo kwa macho ya watu wa huku. Upepo umechukua binti wa watu bila kuleta hata ng'ombe mmoja, na miaka mingi baadaye ukoo unakwenda kudai. Nani Kisumu, Siaya au Kakamega hataielewa hadithi hiyo kabla ya kisanduku cha pili?

Pazuzu naye ana jambo la ajabu. Ni mbaya, hakuna anayekataa, lakini watu wa Mesopotamia walimtundika nyumbani. Kulikuwa na Lamashtu, aliyewavamia wajawazito na kuwanyakua watoto wachanga, na aliyeweza kumfukuza ni Pazuzu. Kwa hiyo mwanamke anayekaribia kujifungua alivaa kichwa kidogo cha Pazuzu. Unamwalika mwovu mlangoni ili mwovu mkubwa zaidi asiingie. Kwa mwandishi hiyo ni injini nzima ya hadithi, na haihitaji mabawa wala mkia wa nge. Unaweza kuuchukua ule mkataba na kuuacha mwili.

Kwa Oya ndipo binamu alipoacha kubishana akaanza kukuna kichwa. Katika masimulizi ya Wayoruba, mwindaji anamwona nyati akivua ngozi yake na kuwa mwanamke mzuri. Anaificha ngozi, anamwoa. Siku moja wake wenza wanamtukana kwa asili yake. Anaipata ngozi, anaivaa, anarudi porini, akiwaachia watoto wake pembe za kumwitia. Sasa njoo Gwassi, huku huku kando ya ziwa letu. Nyamgondho wa Ombare, mvuvi maskini, anavua mwanamke wa jicho moja kutoka ziwani. Anamweka nyumbani, zizi linajaa ng'ombe. Siku moja anarudi amelewa, anamtukana kwa pale alipotoka. Mwanamke anaondoka, ng'ombe wanamfuata mmoja baada ya mwingine hadi majini. Ukifika Nyandiwa wenyeji wanakuonyesha alama za kwato kwenye mwamba.

Mmoja wa pori, mmoja wa maji, na kosa ni lile lile, ulimi. Sisemi hadithi hizi zina asili moja. Nasema kwamba ukiwa Nyanza na unampenda Oya kwa sababu ya hadithi hiyo, tayari una mtu wako nyumbani.

Nao upepo wa Winam? Mwiko wake haukutungwa na mtu. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi inapanda, na ya ziwani inakuja kujaza nafasi yake. Ndio upepo wa alasiri unaopeperusha karatasi mezani. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa upesi, ziwa linabaki na uvuguvugu, na upepo unatoka barani kwenda majini. Wavuvi wa matanga wamelijua hilo tangu zamani. Wanatoka na upepo wa nchi, wanarudi na upepo wa ziwa. Kwa hiyo huyu pepo hawezi kukaa. Akimpenda mtu wa nchi kavu, usiku lazima amwache. Akimpenda mtu wa ziwani, mchana lazima amwache. Nilipomweleza binamu hivyo alikaa kimya, halafu akasema nimpe hiyo, ameipenda.

Kuna zaidi, na ni giza. Usiku pepo za nchi kavu hutoka pande zote za ziwa Victoria, zikakutana juu ya maji, na hapo ndipo dhoruba za usiku na alfajiri zinapozaliwa. Ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba karibu 69,000 linajitengenezea ngurumo zake lenyewe wakati wavuvi wa omena wako kazini na taa zao. Kila kijiji cha ufuoni kina jina la mtu ambaye hakurudi. Katuni inayomfanya upepo huu kuwa rafiki tu wa watoto itachekwa Dunga, na kwa haki.

Mchana nao, upepo wa ziwa ukipanda kuelekea mashariki unakutana na pepo nyingine kwenye milima ya Nandi na Kericho, na wakulima wa chai wanajua mvua ya mawe inayofuata. Wanandi wa zamani, kama walivyomweleza A. C. Hollis aliyechapisha masimulizi yao mwaka 1909, walikuwa na Ilet wawili: radi nzuri na radi mbaya. Mpasuko wa karibu ni yule mbaya anayetaka kushuka kuua watu. Mngurumo wa mbali ni yule mwema anayemzuia. Kwa hiyo pepo wa Winam akipanda mlima anaingia kwenye ugomvi wa watu wengine. Mimi ningeanzia hapo sura ya pili.

Mwenyewe yupo

Swali hili watu hulipuuza. Pepo unayemchagua ana watu wake?

Boreas hana anayemwombea leo kwa wingi wa kukusumbua. Mfanye utakavyo. Oya ana waumini walio hai Nigeria na Benin, na ng'ambo ya bahari Brazili, anakoitwa Iansã, na Kuba pia. Ukimvalisha suti ya kubana na kumpa adui wa kupiga ngumi, kuna bibi mahali fulani ambaye umemvalisha mungu wake. Haimaanishi usimguse, lakini lazima usome sana kwanza, na kurasa 24 hazitoshi heshima hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo Vayu, mungu wa upepo wa Wahindu, hakuingia hata kwenye orodha yetu. Majirani zetu mjini wanamjua kutoka kwenye sala zao.

Kuna pia suala la Storm. Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, walimtoa mwaka 1975, mwanamke anayetawala hali ya hewa, na walimpa mama Mkenya. Mwanamke Mwafrika mwenye nywele nyeupe na upepo mikononi tayari ana mwenyewe, na mwenyewe ana mawakili. Ukimchora Oya kwa namna ya katuni za Marekani, kila msomaji atasema umemwiga Storm, hata kama umemtoa Oyo kwa Wayoruba moja kwa moja.

Pazuzu anaonekana hana mtu, lakini ana jina baya. Sinema moja ya kutisha ya Marekani ya mwaka 1973 ilimfanya shetani anayempagaa msichana, na tangu hapo mtu akiona sura yake haoni tena kinga ya wajawazito. Nilimwonyesha mchungaji mmoja ninayemheshimu ile picha yangu nzuri. Alinirudishia kwa vidole viwili. Ikiwa unauza vitabu vyako nje ya shule na makanisa, kama tunavyofanya sisi, hilo ni suala la biashara.

Fujin yuko katikati. Anaheshimiwa, yuko kwenye mahekalu, lakini pia ameshachorwa kwenye katuni na michezo ya kompyuta ya Kijapani mara nyingi kiasi kwamba wako atakuwa wa mia na kitu. Wasomaji wetu vijana wanazifahamu katuni hizo kuliko unavyodhani. Watakulinganisha, na watakushinda.

Wa nyumbani naye si mali ya kuokota. Bunyore, kaunti ya Vihiga, kuna ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua ambao maarifa yao yamefika mpaka wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa wakakaa nao kutabiri misimu kwa pamoja. Hao ni watu wenye kazi, misitu yao na wazee wao. Usimchukue mtabiri wa mvua wa Bunyore ukamfanya mchawi wa katuni mwenye chungu kinachofoka. Upepo wenyewe ni wa wote, ila wanaousoma wana majina.

Kwa hiyo nani amchukue nani

Kama una tableti, una rangi na unatoa kazi mtandaoni bila kulipia karatasi, mchukue Fujin, lakini chukua kwanza kile kitupu cha katikati. Acha nafasi. Wachoraji wa huku tunaogopa karatasi nyeupe kama deni.

Kama wewe ni mwandishi zaidi kuliko mchoraji, na hadithi ya familia ndiyo inayokupendeza, mchukue Boreas, mvue joho, mfute ndevu, mwite jina lingine, ubaki na mkwe asiyelipa mahari. Hapo hatakuwa Boreas tena, ndiyo. Hatalalamika.

Oya ningemwachia mtu aliye tayari kusoma mwaka mzima. Pazuzu ningempa anayechora hadithi za kutisha kwa watu wazima, na ambaye hana mchungaji.

Aliye Nakuru asijisumbue na ziwa letu. Ninyi mna vumbi. Januari na Februari, nyanda zikikauka kati ya Nakuru na Elementaita, kisulisuli kinasimama chenyewe saa nane mchana kama nguzo, kinatembea, kinakufa. Watu wa pwani hukiita chamchela, na watoto wengi wa nchi hii wameambiwa ndani yake kuna shetani anayecheza. Huyo hana haja ya mabawa. Anajichora, tena kwa kahawia ya udongo unaoujua. Na juu yenu kuna Menengai, shimo la volkano lenye upana wa kilomita nyingi, mvuke unaotoka ardhini na lile eneo linaloitwa Shamba la Shetani. Pepo aliyepewa nyumba, shamba na moshi, na bado unatafuta Ugiriki?

Hata huku tuna nguzo yetu, ila ya maji. Mara chache dhoruba ikikaza juu ya ghuba, wingu linashusha mkonga hadi ziwani. Wavuvi huuita nyakoi. Kwa anayetaka adui mwenye umbo, yuko pale.

Sisi tuliuchukua upepo wa Winam. Uamuzi ulipitishwa na yule mzee aliyesoma saa kwenye moshi, hata kama binamu anadai ni yeye aliyeupitisha kwa kuacha kubisha. Tukamwita Nyar Yamo, binti upepo. Kutoka kwa Pazuzu tuliazima mkataba: mke wa mvuvi anamwalika upepo mbaya wa usiku alinde taa ya mumewe dhidi ya dhoruba iliyo mbaya kuliko yeye, kwa sharti kwamba asitajwe kwa jina ndani ya nyumba. Kutoka kwa Nyamgondho tukachukua ulimi, maana msomaji anajua kwamba sharti hilo litavunjwa, na anajua nani atalivunja, na bado anafungua ukurasa. Kutoka kwa Sotatsu nikachukua kitupu. Ukurasa wa tisa una mashua ndogo chini kulia, jani moja la gugu maji chini kushoto, na kati yao karatasi nyeupe. Hauna hata tone la wino katikati, kwa hiyo mashine ya kopi haitapata cha kuharibu.

Moshi tumeuweka karibu kila ukurasa. Unaelekea ziwani usiku na nchi kavu mchana, na kwenye ukurasa wa 17 tu, usiku ambao jina linatajwa, unaelekea upande usiostahili. Hatujaandika chochote pembeni kueleza. Wa Dunga wataona.

Binamu bado anataka mabawa. Tumekubaliana atayapata kwenye jalada la nyuma, mradi ayachore mwenyewe.